Daktari, Kanda Zilizofutwa na Mashabiki Waliokataa

Wacha niseme mapema ndio tusipotezeane wakati: kipindi ninachokipenda kuliko vyote kina umri mkubwa kuliko Kenya huru. Doctor Who ilionyeshwa mara ya kwanza na BBC Jumamosi, tarehe 23 Novemba 1963. Siku 19 baadaye, tarehe 12 Desemba, bendera yetu ikapandishwa Nairobi. Shosho yako alikuwa msichana. Runinga yenyewe ilikuwa imefika Kenya mwaka uliotangulia, 1962.

Na bado kuna episodi za kipindi hicho ambazo huwezi kuziona hata uwe na pesa za aina gani. Si kwamba zimefungiwa mahali pa kulipia. Zilifutwa, tena na wenyewe waliozitengeneza. Na sababu kubwa ya sisi kuwa na kitu chochote kutoka miaka hiyo ni watu ambao hawakuwa na cheo BBC, hawakulipwa, na wengi wao walikuwa vijana wa shule. Mashabiki tu, kama mimi na wewe.

Hiyo ndiyo stori ya leo. Ni ya Uingereza, lakini inapitia Nigeria na Rwanda, na ikifika mwisho itabisha mlango wa kwenu.

Mlango niliongilia

Mimi niliingia kupitia Sherlock. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo, sina kazi, sina bando, na binamu yangu akaja na flashi imejaa vipindi. Hiyo Sherlock ya Benedict Cumberbatch ilianza 2010, na kila msimu una episodi tatu tu, kila moja ndefu kama filamu nzima. Nilizimaliza kwa siku chache nikabaki na njaa. Nikaangalia majina ya walioitunga: Steven Moffat na Mark Gatiss. Nikamuuliza jamaa wa duka la muvi mtaani kama ana kitu kingine cha hao watu. Akanitilia episodi moja ya Doctor Who ya mwaka 2007 inayoitwa "Blink". Shilingi ishirini.

Kama hujaiona, iko hivi: kuna sanamu za malaika. Ukiziangalia, ni mawe. Ukipepesa macho, zimesogea. Hakuna milipuko, hakuna bunduki, damu pia hakuna. Nililala taa ikiwaka, na asubuhi mamangu akataka kujua nani atanunua tokeni za stima.

Baada ya hapo sikurudi nyuma. Luther ya Idris Elba, Torchwood, kisha nikashuka hadi kwa vitu vya kale kama Blake's 7 ya mwaka 1978. Drama za zamani za Waingereza hazikuwa na pesa, manze. Mlango ukifungwa, ukuta wa chombo cha anga unatingishika. Lakini kwa sababu pesa haipo, kazi yote inabebwa na maneno na nyuso za waigizaji, na ukizoea hivyo, zile muvi za dola milioni mia mbili zinaanza kukuchosha.

Watu wa pembeni

Kwa wale wageni: Daktari ni kiumbe kutoka sayari nyingine, mwenye sura ya binadamu. Anasafiri kwenye wakati na anga kwa mashine inayoitwa TARDIS, ambayo kwa nje ni kibanda cha bluu cha simu ya polisi, kama vile vilivyokuwa barabarani London enzi hizo, na kwa ndani ni kikubwa ajabu. Basi. Mengine utayaokota njiani.

Wazo lilianza na Sydney Newman, Mkanada aliyeletwa BBC kusimamia drama. Alitaka kitu cha familia cha kuonyeshwa Jumamosi jioni baada ya michezo. Wakienda nyuma, watoto wajifunze historia. Wakienda mbele, wajifunze sayansi. Kazi ya utayarishaji akampa Verity Lambert, mwanamke wa miaka 27, katika idara iliyojaa wanaume wa makamo waliovuta kiko. Wakati huo ndiye alikuwa mtayarishaji wa drama mwenye umri mdogo kabisa BBC, na mwanamke pekee. Mwelekezi wa hadithi ya kwanza alikuwa Waris Hussein, miaka 24, mzaliwa wa Lucknow, India. Hebu fikiria hicho kikao, Uingereza ya 1963: mgeni kutoka Kanada, mwanamke, na kijana Mhindi. Ndio hao walioanzisha kitu ambacho leo kinaitwa utamaduni halisi wa Mwingereza.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Siku moja kabla ya episodi ya kwanza, Rais Kennedy aliuawa Dallas. Dunia nzima ilikuwa inaangalia habari. Wiki iliyofuata BBC ikairudia episodi hiyo kabla ya kuonyesha ya pili. Halafu mwezi wa Desemba wakaja Dalek, viumbe wakatili waliojificha ndani ya vyuma vyenye umbo la pipa, mkono mmoja ukiwa kama kifaa cha kuzibua sinki. Newman alikuwa amekataza mambo ya mazimwi kabisa. Lambert alisimama na hadithi hiyo, iliyoandikwa na Terry Nation, na Uingereza ikashikwa na kichaa cha Dalek. Watoto walikuwa wanaigiza sauti zao uwanjani shuleni.

Na ule muziki wa mwanzo! Wimbo ulitungwa na Ron Grainer, lakini aliyeupa ile sauti ya kutisha ni Delia Derbyshire, mwanamke mwenye shahada ya hisabati na muziki kutoka Cambridge. Sintesaiza za kununua madukani hazikuwepo bado. Alirekodi waya mmoja ukipigwa, akarekodi milio ya mashine za kupimia sauti, akabadilisha kasi ya kanda, kisha akakata vipande kwa wembe na kuviunganisha, noti moja baada ya nyingine. Wewe unayetengeneza biti kwa simu ukiwa kwa matatu, huyo ni nyanya yako kisanaa. Jina lake halikuwekwa kwenye majina ya kipindi hadi mwaka 2013. Alikuwa amefariki 2001.

Kisha ikaja mbinu iliyokiokoa kipindi. Mwaka 1966, William Hartnell, Daktari wa kwanza, alikuwa mgonjwa na hangeweza kuendelea. Vipindi vingi hufa hapo. Wao wakaamua kwamba Daktari akikaribia kufa, mwili wake unajibadilisha wote: sura mpya, tabia mpya, kumbukumbu zile zile. Akaingia Patrick Troughton. Kwa hiyo shida ya afya ya mtu mmoja ikageuka kuwa sababu ya hadithi kuishi zaidi ya miaka sitini.

Kanda zinafutwa

Sasa tuje kwa ile sehemu inayoniuma.

Miaka hiyo, runinga ilichukuliwa kama mchezo wa jukwaani. Umeonyeshwa, umeisha. Drama nyingi za miaka ya hamsini zilipeperushwa moja kwa moja bila kurekodiwa. The Quatermass Experiment ya 1953, ambayo ndiyo babu wa hadithi zote za sayansi za runinga ya Uingereza, ilikuwa na episodi sita. Zilizorekodiwa ni mbili.

Doctor Who ilirekodiwa, lakini kanda za video zilikuwa ghali na zingeweza kutumika tena. Makubaliano na chama cha waigizaji yaliwekea mipaka idadi ya marudio. Video za kutazama nyumbani hazikuwepo. Kisha rangi ikaingia, na mwaka 1970 Doctor Who yenyewe ikawa ya rangi. Nani tena angetaka kununua ya nyeusi na nyeupe? Kwa mtu wa ofisini, kanda hizo zilikuwa mzigo unaokula nafasi. Kwa hiyo kati ya mwishoni mwa miaka ya sitini na 1978, zikafutwa ili kurekodia mambo mengine, na nakala za filamu zikateketezwa. Na si Doctor Who peke yake. Hata matangazo mengi ya BBC kutoka studio yao usiku ambao binadamu alikanyaga mwezi, mwaka 1969, hayapo tena.

Hesabu iko hivi: katika miaka sita ya kwanza zilitengenezwa episodi 253. Baada ya ugunduzi mkubwa wa mwaka 2013, bado zilikosekana 97. "Marco Polo" ya 1964, safari ya Daktari na yule msafiri maarufu hadi kwa Kublai Khan, ilikuwa na episodi saba. Haikubaki hata moja.

Ninachotaka ukione ni kwamba hakukuwa na adui. Hakukuwa na mtu mbaya chumbani akicheka. Kulikuwa na mfanyakazi mwenye fomu, rafu iliyojaa, na bajeti. Historia nyingi hupotea hivyo, mchana kweupe, na mtu anayefanya kazi yake vizuri.

Watoto wenye maikrofoni

Lakini kuna kitu BBC haikujua. Kule nyumbani, kila Jumamosi jioni, kulikuwa na vijana waliokuwa wakiweka kinasa sauti mbele ya runinga. Hawangeweza kurekodi picha, kwa hiyo walirekodi sauti. Walimwambia kila mtu sebuleni anyamaze. Kwenye baadhi ya kanda za aina hiyo unaweza kusikia kelele za nyumbani nyuma ya mazungumzo. Wengine wakawa wajanja zaidi, wakaunganisha waya moja kwa moja na spika ya runinga.

Kwa sababu yao, sauti ya kila episodi iliyopotea ipo. Kila moja, bila kukosa hata dakika ya "Marco Polo". Miaka mingi baadaye BBC iliwarudia mashabiki hao kuomba kanda. Zikasafishwa, zikauzwa, na tangu 2006 baadhi ya hadithi zimechorwa upya kama katuni juu ya sauti hizo. "The Power of the Daleks", hadithi ya kwanza ya Troughton, ilirudi hivyo mwaka 2016, miaka 50 baada ya kuonyeshwa.

Sisi tuliolelewa na DJ Afro hatuhitaji kuelezewa sana jinsi sauti inavyoweza kubeba filamu nzima mgongoni.

Jos, Nigeria

Picha nazo zilirudi kwa njia ndefu zaidi. BBC ilikuwa ikiuza nakala za filamu za milimita 16 kwa vituo vya nje, kutoka Australia hadi Hong Kong hadi nchi za Afrika zilizokuwa zimepata uhuru juzi. Mkataba ulisema ukimaliza kuonyesha, uirudishe, uiharibu, au uitume kwa kituo kinachofuata. Kwa bahati yetu, kuna vituo havikufanya lolote kati ya hayo. Filamu zikawekwa stoo, mlango ukafungwa, watu wakasahau. Mwaka 1983, episodi mbili zilipatikana kwenye chumba cha chini cha kanisa London. Mwaka 1991, hadithi nzima ya "The Tomb of the Cybermen" ilipatikana Hong Kong.

Halafu Oktoba 2013 ikaja ile kubwa. Mwingereza Philip Morris, anayefanya kazi ya kutafuta filamu zilizopotea, alikuwa amezipata episodi 11 za miaka ya 1967 na 1968 kwenye stoo ya kituo cha runinga huko Jos, Nigeria. Tisa kati yake hakuna aliyekuwa nazo popote duniani. "The Enemy of the World", ambapo Troughton anaigiza Daktari na pia dikteta anayefanana naye, ikakamilika. "The Web of Fear" ikabaki na pengo la episodi moja.

Soma hiyo tena polepole. Kitu ambacho London, na pesa zake zote na maktaba zake zote, ilikitupa, kilikaa salama Jos miaka mingi. Mtu akikuambia Afrika haijui kutunza vitu, mpe hiyo stori akae nayo.

Mashabiki wanachukua funguo

Mwaka 1989, baada ya misimu 26, kipindi kilisitishwa. Episodi ya mwisho ilionyeshwa tarehe 6 Desemba, na hakuna aliyetangaza kwamba ni mwisho. Kiliachwa tu kipotee. Mwaka 1996 kulikuwa na filamu moja ya runinga na Paul McGann, kisha kimya tena.

Kwa miaka hiyo 16, walioishikilia hadithi ni mashabiki. Waliandika riwaya, wakatoa majarida, na kuanzia 1999 kampuni ya Big Finish ikawa inatengeneza michezo ya sauti na waigizaji wenyewe wa zamani. Mmoja wa walioandika riwaya hizo alikuwa Russell T Davies. Mark Gatiss aliandika pia. Moffat alikuwa shabiki wa kufa na kupona. Watoto waliojificha nyuma ya makochi wakiogopa Dalek walikua, wakaingia kwenye runinga kama waandishi, na siku moja wakajikuta wao ndio wenye ofisi. Tarehe 26 Machi 2005 Davies alirudisha Doctor Who, ikitengenezwa Cardiff, Wales, na zaidi ya watu milioni 10 Uingereza wakaangalia episodi ya kwanza. David Tennant, Daktari wa kumi, alitaka kuwa mwigizaji tangu utotoni kwa sababu ya kipindi hiki. Peter Capaldi, wa kumi na mbili, aliandika barua ya shabiki iliyochapishwa na gazeti la Radio Times mwaka 1974, akiwa na miaka 15. Alingoja karibu miaka 40, lakini funguo za TARDIS alizishika.

"Hivyo ni vitu vya mkoloni"

Hii naambiwa sana, na silichukulii kama swali la kijinga. Mbona unajaza kichwa na hadithi za watu waliotutawala?

Kwanza, simtetei kila kitu. Mwaka 1977 kipindi hiki kilitoa "The Talons of Weng-Chiang", hadithi ambayo mashabiki wengi huiweka juu kabisa, na ndani yake mzungu amepakwa vipodozi aigize Mchina. Mimi nimeiangalia na ilinichoma. Kupenda kitu hakumaanishi kukifumbia macho. Wanaokijua kipindi hiki kwa undani ndio wanaokisema vikali zaidi.

Pili, hicho kitu unachokiita chao, ni nani hasa alikitengeneza? Mkanada, Mwingereza mwanamke, kijana wa Lucknow. Freema Agyeman, aliyeigiza Martha Jones mwaka 2007, baba yake ni Mghana na mama yake ni Mwirani. Na mwaka 2022 likatangazwa jina la Daktari mpya: Ncuti Gatwa. Mzaliwa wa Kigali, 1992. Familia yake ilikimbia mauaji ya kimbari ya 1994 yeye akiwa mtoto mdogo, wakafika Scotland, akakulia huko. Alionekana kama Daktari kwa mara ya kwanza Desemba 2023 na akaigiza hadi Mei 2025.

Daktari, kwa hadithi, ni mtu aliyepoteza kwao na anazunguka bila makao. Waliotangulia waliliigiza hilo vizuri. Lakini nilipomwona mtoto wa Kigali amesimama mlangoni mwa kile kibanda cha bluu akizungumzia nyumba isiyokuwepo tena, sikuhitaji mtu wa kunitafsiria.

Na sisi?

Sasa nabisha kwenu, kama nilivyoahidi.

Muulize mamako kuhusu Tushauriane ya miaka ya themanini. Utaona uso unavyobadilika. Muulize kuhusu Tahamaki. Muulize Vitimbi na Vioja Mahakamani, zamani, wakati mtaa mzima ulikuwa unakusanyika kwa jirani mwenye runinga. Mzee Ojwang' alituacha mwaka 2015, na kizazi kilichocheka naye kinazeeka. Kisha fungua simu yako sasa hivi ujaribu kutafuta episodi nzima, ya mwanzo kabisa, ya chochote kati ya hivyo. Jaribu tu.

Hatuhitaji kungoja ofisi yoyote. Wale vijana wa 1964 hawakungoja. Hawakujua kwamba wanatunza historia. Walitaka tu kuisikiliza tena Jumapili. Kwa hiyo kama mjomba wako ana VHS zimerundikwa juu ya kabati, zenye vipindi alivyorekodi kutoka runinga mwaka 1991, usimruhusu azitupe wakihama. Kuna watu mjini wanahamisha kanda kwenda kwa kompyuta. Kama babu yako alikuwa akirekodi redio kwa kaseti, hizo kaseti ni mali. Kama hakuna kanda, yupo shosho. Weka simu mezani, bonyeza kitufe cha kurekodi, na umwambie akusimulie kipindi alichokuwa hakosi. Nani aliigiza nani, nani alikufa, wimbo wa mwanzo ulienda vipi. Akiimba vibaya, sawa tu. Acha irekodi.

Mimi nimeanza na mamangu. Tuko na Tushauriane, dakika arobaini hadi sasa, na bado hajamaliza kubishana na shangazi kwenye simu kuhusu nani aliolewa na nani. Wikendi hii wewe anza na wako.